Shofere wetu alikuwa na PV ya zamani, asiransi ikakataa kulipa

Mwezi wa 9 mwaka 2021, hapa Katoyi, mu commune ya Karisimbi, Hiace yetu iligonga mutoto wa miaka 11 mwenye alikuwa anatoka kuchota maji. Bidon ilipasuka, muguu wake ukavunjika fasi mbili. Wenye wanajua barabara zetu za mawe ya volkano, na motari wenye kupita kila upande, hawatashangaa.

Tunasema "yetu" kwa sababu gari ile haikuwa ya tajiri. Sisi wa sendika ya wachimbaji, wengi tuko na familia hapa na kazi kule Masisi. Tulichanga pole pole mupaka tukainunua, ili mwenye ameumia mu shimo asikose namna ya kufika Goma. Asiransi tulikuwa tumelipa, karatasi yake iko ku kioo ya mbele. Tukaambia mama wa mutoto: mama, usiogope, asiransi itatosha pesa ya hospitali.

Kisha juma tatu, kompanyi ikatuandikia: hatulipi.

Sababu yao? Mu 2019 shofere wetu alikuwa amegonga motari karibu na Sake. PV iliandikwa, parquet ikamulipisha amende, akapewa quittance. Na ku karatasi ya kuomba asiransi, fasi wanauliza kama shofere amekwisha kufanya aksida ao kosa ya barabara mu miaka 3 yenye imepita, kulikuwa "non".

Nani alitia ile "non"? Ni agent. Tulikuwa watu wane mu biro, yeye anauliza haraka haraka: "Hamuna matatizo?" Tukajibu hakuna, sawa vile mutu anajibiaka salamu. Akatia alama, tukasaini. Lakini hatuwezi kumutupia agent kosa yote. Sisi wenye tunasomaka mikataba ya kazi mustari kwa mustari mbele ya mabosi, siku ile hakuna hata mumoja mwenye alisoma.

Shofere mwenyewe hakufikiri kama anaficha kitu. "Nililipa, kesi ikaisha," alituambia. Na tunamuelewa. Mu Goma makosa mingi ya barabara inaishia mu mukono wa roulage, bila karatasi, na kesho yake kila mutu amesahau. Lakini PV yenye imefika ku parquet haisahauliwi. Na asiransi haiulizi kama ulilipa. Inauliza kama jambo lilitokea. Siku ya aksida wanatuma mutu wa kuchunguza, na yule wa kwetu alifika mupaka Sake.

Hapo ndipo tulianza kusoma. Mu sheria ya bima ya Wafaransa na ya Wabelgiji, kwenye wanasheria wetu wamejifunza, wanatenganisha mambo mbili. Ukidanganya kwa makusudi, mukataba unakufa, na pesa yenye ulilipa inaweza kubakia kwao. Lakini kama ulikosea bila nia mbaya, wanapunguza malipo kufuatana na bei yenye ungepaswa kulipa. Na kuhusu nia mbaya, ni kompanyi yenyewe inapaswa kuihakikisha, hapana wewe. Tukarudia ku biro na quittance ya 2019. Tukauliza: mutu mwenye anaficha anaweza kuchunga karatasi hii mu gari yake, pamoja na permis?

Walibishana na sisi miezi mbili. Mwishoni wakakubali hesabu hii: tulikuwa tumelipa dola 240 kwa mwaka, kama wangejua habari ya Sake wangetuomba 300. Kwa hiyo wakalipa sehemu 80 mu 100. Ku deni ya dola 1 150 ya hospitali na dawa, wakatosha 920.

Kuna jambo moja lenye bado linatuchoma. Mu inchi yetu asiransi ya gari ni ya lazima tangu sheria ya Januari 1973. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake mu kazi hiyo, mupaka sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua mulango kwa kompanyi zingine. Lazima ile ilitiwa kwa faida ya nani? Si ya mwenye gari. Ni ya mutoto mwenye bidon. Mu Ufaransa, tangu 2019, sheria inasema wazi kama uongo wa mwenye gari hauwezi kumunyima malipo mutu mwenye ameumizwa. Kompanyi inamulipa kwanza, kisha inafuata mwenye alidanganya. Tunataka hilo liandikwe wazi ku kila karatasi ya asiransi yenye inauzwa mu Goma.

Leo mu sendika, karatasi ya asiransi inasomwa kwa sauti mbele ya shofere, na ni yeye anajibu. Kama kuko PV, tunaandika mwaka na fasi. Kopi inabakia mu biro yetu.

Dola 230 zilibakia juu yetu. Tulizilipa kwa miezi tano, kila mutu anakata kidogo siku ya kulipwa. Mama wa mutoto hakuuliza hata siku moja nani alitia ile "non". Aliuliza tu pesa itafika lini.