Reli Ipo Malaba, Mbona Hatuipandi?

Najua wenzangu katika chama chetu wamekuandalia mashairi, vitendawili na insha za methali. Mimi nimeonelea nikuletee jambo tunalolipita kila siku bila kuliuliza lolote, nalo ni reli.

Nina sababu. Mwaka jana, muhula wa pili, ilibaki kidogo tu nisiwe miongoni mwenu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa na nauli ya bodaboda sikuwa nayo. Basi nikafanya kama wengi wetu tunaotoka upande ule wa mji: nikashika njia ya reli, maana haina matope. Nikawa naruka taruma moja hadi jingine huku nikikariri ngeli, kwani tulikuwa na jaribio saa mbili. Honi niliisikia. Lakini wewe unaijua Malaba! Hapa malori yanapiga honi kutwa kucha, nani huzijali? Mama mmoja anayeuza ndizi kando ya reli ndiye aliyepiga ukelele: "Wewe mtoto, toka! Toka hapo!" Nilipogeuka, uso wa treni ulikuwa karibu mno. Niliruka majanini, vitabu huku, kiatu kule. Kontena zikapita moja baada ya nyingine nikiwa nimelala pale natetemeka kama unyasi.

Jioni nilijua nitachapwa. Babu yangu aliwahi kuwa kibarua wa reli, kazi yake ilikuwa kubadilisha mataruma na kukaza misumari ya reli. Hakunichapa. Aliniuliza swali moja tu:

"Unajua kwa nini dereva hakusimama?"

"Labda hakuniona, Babu."

"Alikuona, mjukuu wangu. Hakuweza."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kumsumbua mwalimu wetu wa Jiografia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, chuma juu ya chuma

Gurudumu la treni ni chuma, na reli nayo ni chuma. Vitu viwili vigumu na laini vikigusana hivyo, msuguano huwa mdogo sana. Ukisukuma mkokoteni mchangani utatoka jasho, lakini kwenye sakafu ya saruji unateleza wenyewe. Sasa fikiria sakafu ya chuma. Ndiyo sababu injini moja yaweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi, tena kwa mafuta machache kwa kila tani.

Lakini faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kinachosimamisha chombo ni msuguano. Lori lina tairi za mpira zinazoshika lami. Treni ya mizigo ina uzito wa mamia ya tani na magurudumu yanayoteleza. Dereva akifunga breki leo, treni itasimama mbele huko, mamia ya mita kutoka pale alipoanza kufunga. Wala hawezi kukukwepa, maana reli haina kando. Ukiwa juu ya reli, wewe ndiwe mwenye usukani, si yeye.

Pili, upana wa reli

Reli yetu inaitwa reli ya mita moja, kwa sababu nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Wajenzi walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Iliitwa Reli ya Uganda ingawa wakati huo haikuingia Uganda kama tunavyoijua leo. Mizigo ilipandishwa meli Kisumu ikavuka ziwa. Baadaye ndipo njia nyingine ikatoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikaja Bungoma na hapa kwetu Malaba, ikavuka mto kwenda Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Tawi la Kisumu lilifika Butere mwaka 1930 likakomea huko. Kwa hiyo ndugu zetu wa Busia hawakupata reli hadi leo.

Kwa nini wembamba ule? Reli nyembamba hupinda kwa urahisi milimani na gharama yake ni ndogo. Njia yetu hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kule kupinda kulihitajika kwelikweli. Hasara yake ni kwamba reli nyembamba haistahimili mwendo wa kasi sana wala mizigo mizito kama reli pana. Ile reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435.

Watu wengi husema, "Reli yetu ni ya kikoloni, nyembamba, ndiyo maana haibebi abiria." Nami nilisema hivyo hivyo darasani. Mwalimu akatabasamu, akaniambia nikasome kuhusu Japani.

Tatu, tuzuru Tokyo

Japani ilifungua reli yake ya kwanza mwaka 1872, kati ya Tokyo na Yokohama, kwa upana wa milimita 1,067. Ukitoa zile treni zao za kasi zinazojulikana kote duniani, sehemu kubwa ya reli zao ni za upana huo hata leo. Tofauti na yetu ni milimita 67, haufiki upana wa vidole vinne!

Katika jiji la Tokyo kuna njia iitwayo Yamanote. Ni ya mviringo, haina mwanzo wala mwisho. Mviringo wake ulikamilika mwaka 1925, enzi zile zile reli yetu ikijengwa kuelekea Kampala. Urefu wake ni kilomita 34.5, yaani karibu sawa na kutoka hapa Malaba hadi Bungoma. Sasa shika kiti: katika umbali huo kuna stesheni 30. Ni kama kuwe na stesheni kila baada ya kilomita moja na kidogo njia nzima hadi Bungoma. Kuzunguka kote huchukua kama saa moja. Mfanyakazi, mwanafunzi na mama wa sokoni, wote humo humo.

Kumbe basi wembamba si sababu. Sababu ni nini? Nimezikusanya nne.

Ya kwanza ni njia mbili. Yamanote ina reli ya kwenda na reli ya kurudi. Sisi tuna moja. Kanuni kuu ya reli ni kwamba kipande kimoja ni cha treni moja kwa wakati mmoja, la sivyo zitagongana. Tuseme treni inachukua saa moja kutoka Malaba hadi Bungoma na hakuna mahali pa kupishana katikati. Iliyoondoka saa kumi na mbili asubuhi itarudi saa mbili, ndipo nyingine iondoke. Ukiikosa hiyo, jameni, umekosa na shule. Tokyo ukiikosa unangoja dakika tatu au nne.

Ya pili ni aina ya treni. Treni ya mizigo huvutwa na injini moja au mbili mbele. Ikifika mwisho wa safari, injini lazima ifunguliwe, izungushwe upande wa pili, ifungwe tena. Treni ya Yamanote ina mabehewa 11, na mota zake ziko chini ya mabehewa yenyewe. Kwa hiyo huondoka upesi na kusimama upesi. Tena ina chumba cha dereva kila mwisho. Ikitakiwa kurudi, dereva anahamia upande wa pili, basi. Zile za Yamanote hutumia umeme, lakini zipo za dizeli zenye muundo huo huo.

Ya tatu ni milango. Kila behewa la treni zile, aina ya E235 zilizoanza kazi mwaka 2015, lina milango 4 kila upande. Mabehewa 11 mara 4 ni milango 44 inayofunguka kwa pamoja. Hebu linganisha na matatu yetu yenye mlango mmoja, na huo mlango makanga amening'inia!

Ya nne ndiyo kubwa: watu. Reli ya abiria wa kila siku haiishi kwa chuma, inaishi kwa watu wengi wanaokaa karibu na stesheni na wanaotoka asubuhi kurudi jioni.

Kwetu Afrika Mashariki je?

Usidhani mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Nairobi kuna treni za asubuhi na jioni, na stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Kwa nini Mallorca? Kwa sababu reli za huko nazo ni za milimita 1,000! Zilishuka melini zikaingia kwenye reli ile ile ya mwaka 1899 bila kubadilishwa magurudumu.

Dar es Salaam nako, Oktoba 2012, wakazi walianza kupanda treni waliyoibatiza jina la waziri wao, "treni ya Mwakyembe". Huko kuna kichekesho: jiji moja lina reli za upana tofauti. Ile ya zamani ni ya milimita 1,000 kama yetu, na ile ya TAZARA ni ya milimita 1,067 kama ya Japani. Treni ya huku haiwezi kuingia kule. Vidole vinne tu, lakini gurudumu halijui karibu.

Turudi nyumbani

Nilimwuliza Babu, "Sasa sisi tunaweza kupata treni ya abiria?" Akasema, "Piga hesabu kwanza, usipige kelele."

Nikapiga. Treni ndogo ya abiria 200 inabeba watu wa matatu 14 zenye viti 14, na wanne wanabaki. Je, kuna watu 200 wanaotoka Malaba kwenda Bungoma saa kumi na mbili asubuhi kila siku? Siku ya soko huenda wakafika. Siku nyingine sijui. Pia kuna mshindani hodari, bodaboda, ambaye alizaliwa papa hapa. Miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, na jina lenyewe ni Kiingereza cha "mpaka hadi mpaka". Bodaboda hukutoa mlangoni hadi mlangoni. Treni hukuacha stesheni.

Kwa hiyo nimekubali kwamba hatutapata Yamanote. Lakini treni moja asubuhi na moja jioni, ikipishana na ya mizigo Bungoma, si ndoto. Reli ya Nairobi hadi Kisumu ilikuwa imekaa miaka bila abiria, na Desemba 2021 treni ikarudi.

Na mizigo nayo tusiidharau. Chukua treni ya mabehewa 20, kila behewa na kontena moja ya futi 40. Hayo ni malori 20 yaliyoondoka barabarani. Lori na trela lake lina kama mita 17. Yapange pua kwa mkia, ni mita 340 za foleni zilizopungua. Mwenye nyumba kando ya barabara ile anajua thamani ya mita 340.

SGR ilifika Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019, na tangu mwanzo mpango wake ulikuwa ifike Malaba. Uganda nayo Oktoba 2024 ilitia sahihi mkataba wa kujenga yake, kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala. Sisi tuliokaa mpakani tutakuwa mlangoni pa yote mawili. Mhandisi wa kuitunza, gadi wa kuisindikiza na karani wa kukata tikiti watatoka wapi kama si madarasa haya haya?

Lakini wenzangu, nina ombi. Wapo vijana wanaong'oa vyuma vya reli na kuviuza kama vyuma chakavu. Wizi wa vyuma vya umma ulizidi hata Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa muda. Msumari mmoja wa reli hununua maandazi ya siku moja tu. Ukikosekana kwenye kona, reli hutanuka. Na kama milimita 67 zinatosha kuzuia treni ya Japani isipite kwetu, je, milimita ngapi zinatosha kuiangusha yetu? Wizi huo ni kukata tawi tulilokalia.

Na la mwisho, tusitembee juu ya reli. Mimi sasa natoka nyumbani mapema, nazunguka na barabara, viatu vyangu vina matope hadi mkuu wa zamu ananikemea kwenye paredi. Namwambia, "Samahani, mwalimu." Matope yanafutika. Yule mama wa ndizi nampitia kila Ijumaa nikiwa na shilingi kumi, nanunua ndizi moja. Hakunijua jina, lakini alinipigia ukelele. Ajali haina kinga, wahenga walinena, lakini hii ya reli kinga yake unayo mwenyewe: ni miguu yako.

Tukijaliwa, tuonane stesheni.