Bei Kikomo ya Umeme: Nani Hubeba Mzigo?

Tarehe 26 Agosti 2022, Ofgem, mamlaka inayodhibiti biashara ya umeme na gesi nchini Uingereza, ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba bei kikomo kwa kaya yenye matumizi ya kawaida itakuwa pauni 3,549 kwa mwaka. Oktoba ya mwaka uliotangulia kiwango hicho kilikuwa pauni 1,277. Uniti moja ya umeme ingefika peni 52. Wananchi waliuliza swali la haki kabisa: ikiwa serikali imeweka kikomo, inakuwaje bei ikaribie kupanda mara tatu?

Kuielewa hali hiyo kunahitaji kwanza kujua kikomo hicho hukokotolewaje. Ofgem huchukua bei ya jumla ya umeme na gesi, huongeza gharama za nyaya na mabomba, tozo za kisera, uendeshaji na kodi, kisha huacha faida ndogo kwa muuzaji. Jumla yake ndiyo bei ya juu ambayo kampuni inaruhusiwa kutoza kwa uniti na kwa tozo ya kila siku. Kwa hiyo kikomo humzuia muuzaji asimlangue mteja, lakini hakiizuii bei ya jumla isipande. Tena kikomo kipo kwenye viwango hivyo, hakipo kwenye ankara. Anayetumia nyingi hulipa zaidi ya kiwango kinachotajwa redioni.

Sheria yenyewe ilizaliwa katika ugomvi wa kisiasa. Mwaka 2013 Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Labour, aliahidi kugandisha bei za nishati akishinda uchaguzi. Waziri Mkuu David Cameron wa Conservative alilipinga wazo hilo kwa ukali. Miaka michache baadaye chama hichohicho cha Conservative, chini ya Theresa May, kikapitisha sheria ya bei kikomo mwaka 2018, ikaanza kazi Januari 1, 2019. Ugonjwa uliolengwa ulikuwa mmoja: wateja waliohamahama kati ya kampuni walipata bei nafuu, huku wale waliotulia na kampuni moja, wengi wao wazee na watu wa kipato cha chini, wakitozwa bei za juu mwaka baada ya mwaka. Kwa ugonjwa huo dawa ilifaa. Ilichanganywa kwa ajili ya soko tulivu.

Kisha gesi ikaadimika. Hapa tuangalie mnada wa umeme unavyokwenda barani Ulaya. Kwa kila kipindi cha siku, mitambo hupangwa kuanzia yenye gharama ndogo hadi yenye gharama kubwa: upepo na jua mbele, nyuklia ikifuata, makaa na gesi nyuma. Mtambo wa mwisho unaohitajika ili mahitaji yatoshelezwe ndio unaopanga bei, na wote waliotangulia hulipwa bei hiyohiyo. Nchini Uingereza, mtambo huo wa mwisho mara nyingi ni wa gesi. Kwa hiyo Urusi ilipopunguza gesi yake kwa Ulaya, bei ilipanda hata Uingereza, iliyokuwa ikinunua gesi kidogo sana ya Kirusi. Gesi ina soko moja, na mnunuzi mwenye shida hupandisha bei kwa wote.

Kampuni za rejareja ndizo zilizobanwa kwanza. Kikomo kilikokotolewa kwa bei za jumla za miezi iliyopita, wakati kampuni ambazo hazikuwa zimenunua nishati mapema zililazimika kununua kwa bei ya leo. Zikawa zinauza kwa hasara kila uniti. Isitoshe, kwa miaka mingi Ofgem ilikuwa imeziruhusu kampuni zenye mtaji mdogo mno kuingia sokoni kwa jina la ushindani. Kuanzia katikati ya 2021 hadi katikati ya 2022, karibu kampuni 30 zilianguka. Bulb, iliyokuwa na wateja wapatao milioni 1.5, iliendeshwa kwa fedha za serikali hadi ilipouzwa.

Nani alilipia anguko hilo? Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikadiria kwamba gharama ya kuwahamisha wateja wa kampuni zilizokufa, bila kuihesabu Bulb, ilifikia pauni bilioni 2.7, sawa na pauni 94 hivi kwa kila kaya. Fedha hizo zilipitishwa kwenye tozo ya kila siku, ile ambayo mteja hulipa hata asipowasha taa. Aprili 2022 tozo hiyo ya umeme ilipanda kutoka peni 25 hivi hadi peni 45 kwa siku.

Tuitazame tozo hiyo katika nyumba yenye mita ya kulipia kabla, ambayo Tanzania tunaiita LUKU. Mama asiye na fedha anaacha salio liishe, anazima kila kitu, analala na watoto chini ya mablanketi. Mita inaendelea kuhesabu tozo hiyo kila siku kama deni. Ijumaa anapopata pauni 10 na kuziweka, sehemu yake inakatwa kabla hajachemsha maji ya chai. Mama huyo hakuendesha kampuni yoyote iliyoanguka, wala hakumpa yeyote leseni. Ndiye aliyepelekewa bili.

Septemba 2022 Waziri Mkuu mpya, Liz Truss, alitangaza kwamba kaya ya kawaida italipa pauni 2,500 kwa mwaka, na hazina ya taifa itafidia kilichobaki kwa fedha za kukopa. Unafuu ulikuja, na ulihitajika sana. Lakini ruzuku ilitolewa kwa kila uniti, hivyo jumba lenye bwawa la kuogelea lenye maji ya moto lilichota fedha nyingi zaidi za umma kuliko chumba cha mstaafu.

Wengine walipanga tofauti. Juni 2022, kwa idhini ya Kamisheni ya Ulaya, Hispania na Ureno ziliweka kikomo cha yuro 40 kwa megawati-saa kwenye gesi inayochomwa na mitambo ya umeme. Bei ya umeme wote ikashuka mnadani, na fidia ya wenye mitambo ikalipwa na wateja walionufaika, kupitia ankara zao. Kasoro yake ni kwamba gesi nyingi zaidi ilichomwa, na sehemu ya umeme huo wa nafuu ilivuka mpaka kwenda Ufaransa. Ujerumani, mwaka 2023, iliihakikishia kaya senti 40 kwa uniti, ila kwa asilimia 80 tu ya matumizi yake yaliyokadiriwa. Uniti zilizozidi hapo zililipiwa kwa bei kamili, kwa hiyo aliyebana matumizi aliiona faida.

Kinga bora zaidi hupangwa kabla ya dhoruba. Kwa sheria ya mwaka 2013, Uingereza huwapa wajenzi wa mitambo ya upepo mikataba ya bei maalumu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya miaka 15. Soko likishuka chini ya bei hiyo, wateja huongezea. Likipanda juu yake, mwenye mtambo hurudisha ziada. Katika majira ya baridi ya 2021 na 2022 fedha zilianza kurudi kwa wateja. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha mageuzi yanayoifanya mikataba ya namna hiyo kuwa njia kuu ya kusaidia mitambo mipya isiyotegemea makaa wala gesi. Bei ikikubaliwa vibaya mteja hufungwa nayo: kinu cha nyuklia cha Hinkley Point C kiliahidiwa pauni 92.50 kwa megawati-saa, kwa thamani ya fedha ya 2012, kwa miaka 35. Hata hivyo bei ya mkataba wa namna hiyo hujulikana na inaweza kujadiliwa hadharani kabla ya bili kufika.

Kila serikali inapotangaza kikomo cha bei, gharama haijafutwa. Imehamishwa: kwa mlipa kodi wa leo, kwa atakayerithi deni, au kwa mteja wa tozo ya kila siku. Waziri anayesimama kutangaza unafuu ataje siku hiyohiyo tofauti italipwa na nani, lini, na kwa kipimo gani. Uhamisho ambao hautajwi hadharani humwangukia asiye na msemaji, na hilo ni jambo ambalo mdhibiti wa umma ameajiriwa kulizuia.