Kweli au Si Kweli: Ndege wa Barabara ya Alupe

Barabara inayotoka Busia kwenda Malaba kupitia Alupe inajulikana kwa malori ya transit, bodaboda na foleni za mpaka wa Kenya na Uganda. Ndege hawatajwi. Anayesema anataka kuwatazama huambiwa apande matatu aende Kakamega, au apande Mlima Elgon. Haya ndiyo yanayosemwa sana kuhusu ndege wa huku, na ukweli wake.

"Ndege wa maana wako mlimani na msituni." Si kweli.

Elgon, wenye mita 4,321, una ndege wake, na msitu wa Kakamega una wake. Hilo halina ubishi. Lakini Alupe, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, ina ndege ambao mtu wa Nairobi hawaoni kwake hata akeshe. Vichakani kuna ndege mweusi mgongoni, mwekundu sana kifuani, ambaye dume na jike huitikiana kwa haraka hivi kwamba unadhani ni sauti moja. Kwenye mikuyu iliyozaa wapo zuwakulu wenye midomo minene, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa manjano ambaye mlio wake ni kicheko kitupu.

Hata hivyo, wa kumtafuta hasa ni mbayuwayu wa buluu. Huyu kweli ni ndege wa milimani, ila si wa msitu. Huzaliana kwenye nyasi za nyanda za juu: Tanzania kusini, Nyika kule Malawi, mashariki mwa Zimbabwe, hadi Afrika Kusini, akijenga kiota cha udongo ndani ya mashimo, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga. Baridi ya huko inapokaribia, mnamo Aprili, huhamia kaskazini, na kufikia Septemba au baadaye kidogo hurudi. Nyasi za Busia ni miongoni mwa sehemu chache sana za Kenya anakopitisha miezi hiyo. Nyingine ni Ruma, kaunti ya Homa Bay. Ndiyo sababu mwaka 1999, orodha ya maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini Kenya ilipochapishwa, Nyasi za Busia ziliingia humo pamoja na Elgon na Kakamega.

Uwongo huu una gharama. Mti wa msituni ukiangushwa, watu hupaza sauti, na ni vyema. Nyasi zikipinduliwa kwa jembe ili kupanda miwa, huitwa maendeleo ya shamba lililokuwa limekaa bure. Halikukaa bure. Mbayuwayu huyu hula wadudu wanaoruka juu ya nyasi hizo, na idadi yake inapungua kote anakoishi. Mkulima ana watoto wa kulisha na simlaumu. Ninachodai ni kwamba kipande cha nyasi chenye maji kihesabiwe kuwa mali, kama msitu unavyohesabiwa.

"Bundi akilia juu ya paa, kuna atakayekufa." Si kweli.

Imani hii ina nguvu pande zote mbili za mpaka, na bundi wengi wamepigwa mawe kwa ajili yake. Fikiria ni nani anayemsikia bundi saa nane za usiku: ni yule anayeuguza mgonjwa. Nyumba yenye watu wazima wa afya hulala, na bundi hulia vilevile bila mtu kujua. Mgonjwa akifariki, sauti ile hukumbukwa, akipona, husahaulika. Wakati huohuo bundi wa darini humeza panya wazima wazima, kisha hutapika mifupa na manyoya yakiwa yameshikamana donge. Vunja donge moja uone mafuvu ya panya waliokuwa wakielekea kwenye ghala lako la mahindi.

"Mayai ya kware ni dawa." Si kweli.

Mwishoni mwa 2013 Wakenya waliyauziana kama tiba ya shinikizo la damu, kisukari na mengine mengi, hadi watu wakakopa ili wafuge. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, wafugaji wakabaki na hasara. Yai la kware ni chakula kizuri, basi. Lililo kweli ni utaalamu wa wategaji wa magharibi mwa Kenya: hufunga kware hai ndani ya vikapu na kuvitundika kwenye nguzo ndefu ili wenzao wanaopita wakifuata mvua wavutwe na mlio wao. Anayejua hayo anajua ndege, hata kama hajawahi kushika darubini.

"Korongo mwenye taji ni wa Uganda." Nusu kweli.

Yumo kwenye bendera ya Uganda, lakini hutaga pia kwenye majaruba na vinamasi vya Kenya magharibi. Tangu 2012 ametajwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Vinamasi hukaushwa, mayai huchukuliwa, vifaranga hukamatwa kufugwa kama mapambo. Ukimkuta kifaranga, mwache. Wazazi wako karibu.

"Kutazama ndege ni kazi ya watalii." Si kweli.

Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi tangu 1971, na viongozi wa watazamaji Kakamega na Yala ni wenyeji. Huhitaji darubini kuanzia. Ukiwa nayo, usiielekeze kwenye kituo cha mpakani wala kwa askari, na salimia mwenye shamba kabla ya kuingia. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori yakiwa bado machache. Kati ya Aprili na Septemba tazama chini, juu kidogo ya nyasi, kwa sababu mbayuwayu wa buluu hapendi kuruka juu sana. Kwa mbali huonekana mweusi. Subiri ageuke kwenye jua. Dume ana mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Andika siku, mahali na idadi, kisha uzitume kwa Kenya Bird Map, ramani ya ndege inayoungwa mkono na Makumbusho ya Taifa. Usipomwona, andika pia ndege wengine wote uliowaona.