Popo wa Darini, Vunjajungu wa Bustanini

Kwetu Tanga, adhana ya magharibi ikiwa bado inasikika, popo huanza kutoka chini ya bati. Kwanza utasikia vilio vyao vyembamba darini, kama watoto wanaogombea dirisha la basi. Halafu mmoja huchungulia kwenye upenyo kati ya ukuta na kenchi, hujiachia, huanguka kama jani kavu, na kabla hajafika chini mabawa yamekwisha kufunguka na yeye amepotelea juu ya minazi. Wa pili humfuata, wa tatu, wa kumi. Kwa robo saa nzima upenyo ule wa vidole viwili haupumziki.

Miaka kadhaa iliyopita nilimleta fundi auzibe. Alikuja adhuhuri na ndoo ya saruji, akaziba kote, nikamlipa, akaenda zake. Sikufikiri kwamba saa ile popo wote walikuwa ndani wamelala. Siku ya nne nyumba ilianza kunuka. Tulipobandua ubao wa dari tukakuta mizoga imesongamana pembeni, palipokuwa na mwanya mdogo wa mwanga, na baadhi ya majike bado wana vichanga vimeng'ang'ania kifuani. Popo wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Si panya hawa, wafe leo na mwezi ujao wawe wamejaa tena. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Popo tuliowaua walikuwa wale wadogo, wenye mkia uliochomoza kama wa panya, wanaopenda nyumba za bati kote Afrika Mashariki. Hawali embe wala papai. Anayekula matunda ni popo mwingine, mkubwa, kama yule wa Pemba asiyepatikana kokote duniani isipokuwa kisiwani humo, na yeye ana kazi yake ya kusambaza mbegu za miti. Huyu wa darini chakula chake ni wadudu wanaoruka usiku: nondo, mbawakawa, kumbikumbi. Ukitaka ushahidi, kivunje kinyesi chake kikavu kwa kijiti. Kitasagika kama majivu, na ndani yake utaona vipande vinavyometameta, mabaki ya mabawa na magamba ya wadudu.

Nondo ndiye mama wa funza. Kiwavi unayemkuta ndani ya nyanya au anayetafuna moyo wa mhindi ametoka kwenye yai lililotagwa usiku, wewe umelala. Nondo wa viwavijeshi vamizi, wale walioingia mashamba yetu mwaka 2017, hutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake mafupi. Kwa hiyo popo akimkamata nondo jike mmoja kabla hajataga, amekuondolea mamia ya viwavi ambao bomba la dawa lingewafukuza wiki nzima. Na popo jike anayenyonyesha anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito wa zaidi ya nusu ya mwili wake.

Baada ya popo kwisha funza waliongezeka bustanini, nami nikaingia kwenye dawa. Nilinunua chupa duka la pembejeo, nikapiga kila Jumamosi. Sitadai kwamba waliongezeka kwa sababu ya kukosa popo peke yake, maana bustani ina mambo mengi. Lakini nililoliona kwa macho ni hili: wiki ya kwanza majani yalikuwa safi, wiki ya tatu inzi weupe walirudi wengi kuliko mwanzo. Dawa ilikuwa imeua na waliokuwa wakiwala. Mdudu mharibifu huzaliana upesi, adui yake huchelewa, na katika nafasi hiyo katikati bustani hubaki bila mlinzi.

Mlinzi mmojawapo wa mchana ni vunjajungu. Bibi alituonya tukiwa wadogo kwamba ukimgusa, chombo utakachoshika baada yake kitavunjika mkononi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Nashukuru kwa onyo lile, kwani hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyethubutu kumchezea. Asubuhi moja nilimkuta juu ya mbamia, rangi yake ileile ya jani, mikono imekunjwa kifuani. Panzi alitua karibu. Vunjajungu aligeuza kichwa taratibu, akamtazama, na mikono ikatoka na kurudi bila mimi kuiona ikienda. Akaanza kumla hapohapo, kuanzia shingoni, bila haraka, miguu ya panzi ikiendelea kupiga hewa.

Lazima niseme ukweli wake wote. Vunjajungu hachagui. Atakula kiwavi, atakula nzi, na nyuki akipita naye ataliwa. Ndugu zake pia huwala. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vunjajungu watatu watasafisha robo eka. Kazi yake ni moja kati ya kazi za wengi: buibui, nyigu wadogo, mijusi, vyura. Ninayemtaka bustanini ni huyo pamoja na wenzake wote, na wengi wao hufa kwa dawa ileile.

Kuna jambo kuhusu hawa wawili ambalo nililiposoma lilinifanya niweke kitabu chini. Vunjajungu wa aina nyingi ana sikio moja tu, nalo halipo kichwani. Liko chini ya kifua, kwenye mfereji mwembamba katikati ya miguu. Watafiti wa Marekani, David Yager na Ronald Hoy, walilieleza mwaka 1986. Sikio hilo husikia sauti kali mno ambazo sisi hatuzisikii, sauti zilezile anazozitoa popo akiwinda gizani. Vunjajungu anayeruka usiku akimsikia popo amekaribia, hukata njia ghafla na kuporomoka kwa mzunguko kuelekea ardhini. Walinzi wa bustani yangu, kumbe, huwindana wenyewe.

Hasara ya kukosa popo imepimwa. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu unaozifanya pua za popo kuwa nyeupe uligunduliwa jimbo la New York, ukaenea na kuua mamilioni. Mchumi Eyal Frank alilinganisha wilaya zilizopoteza popo na zile ambazo ugonjwa ulikuwa haujazifikia, na mwaka 2024 akachapisha matokeo: wakulima waliopoteza popo waliongeza dawa za wadudu kwa takriban asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga katika wilaya hizo vikapanda kwa karibu asilimia 8. Kila nisomapo takwimu hiyo ya pili hukumbuka akina mama wanaochuma mchicha siku moja baada ya bomba kupita.

Nifanyeje basi, huniuliza majirani. Mengi ni ya kuacha. Acha kupiga dawa kwa ratiba. Ukizidiwa, tumia maji ya mbegu za mwarobaini, jioni, kwenye mmea ulioshambuliwa tu. Acha ua wa miti upande mmoja wa bustani. Usichome kila kijiti kikavu, maana vunjajungu hubandika mayai humo, katika kifuko kinachofanana na povu la sabuni lililokauka. Zima taa ya nje isiyo na kazi.

Popo wakikuudhi ndani ya nyumba, usizibe mchana. Hakikisha kwanza hakuna vichanga, kisha tundika wavu juu ya tundu, ukifungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini, watoke wasiweze kurudi. Baada ya wiki ndipo uzibe. Usimshike popo kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa hakina mzaha. Kinyesi chao kilicholundikana usikifagie kikavu ukavuta vumbi. Kinyunyizie maji, funika pua na mdomo.

Mimi nilimrudisha fundi afungue upenyo wa upande wa jikoni, akaweka mbao kuutenga na dari ya vyumba. Kwa miezi mingi hakuja hata mmoja. Masika ya mwaka wa pili, mjukuu wangu alikuwa uani anaanua nguo, akaniita. Kutoka chini ya bati kilidondoka kitu cheusi, kikafunguka, kikapita juu ya bamia.