Friedrich Flick: Mihuri, Makaa na Shokoa (Sehemu ya Pili)

Hitler alipoingia madarakani Januari 1933, Friedrich Flick, tajiri wa chuma na migodi, hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Kadi aliichukua mwaka 1937. Fedha zake zilikuwa zimetangulia: alikuwa katika kundi la matajiri lililojiita marafiki wa Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha chama hicho, na humo akatoa Reichsmark 100,000 kwa mwaka. Mahakamani baada ya vita alijitetea kwamba alikuwa akijilinda tu. Habari za akina Petschek zinamsuta.

Familia hiyo ya Kiyahudi, iliyoishi Czechoslovakia, ilimiliki machimbo makubwa ya makaa ya mawe Ujerumani. Mapema 1938, Göring, waziri wa Hitler, alimpa Flick idhini ya kujadiliana nayo peke yake, bila mshindani. Tawi moja, likiona mambo yanakoelekea, liliuza kwa dola milioni 6 na ushei, chini sana ya thamani halisi. Tawi la mji wa Aussig likakataa. Maofisa wa kodi wakalibambikia deni la mamilioni, serikali ikakamata mali, na machimbo mengi yakaishia kwa Flick. Wizi mtupu, uliopigwa mihuri yote ya kisheria.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikaleta shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Katika kiwanda cha mabehewa cha Linke-Hofmann, Bernhard Weiss, jamaa na msaidizi wa Flick, alihangaika apewe mateka wengi zaidi wa Kisovieti, na Flick alijua.

Desemba 1947, mahakama ya Wamarekani mjini Nuremberg ilimfunga miaka 7 kwa kutumikisha watu, kupora kiwanda cha Rombach huko Lorraine na kuisaidia SS. Na akina Petschek? Majaji walisema mambo ya kabla ya vita hayakuwa katika mamlaka yao. Familia ile haikupata hukumu, na hilo ni doa kwa kesi nzima.

Flick alitoka gerezani Landsberg mwaka 1950, akajenga upya himaya yake hadi akawa mwanahisa mkubwa kuliko wote wa Daimler-Benz. Baada ya vita alinunua pia Dynamit Nobel, kampuni iliyokuwa imewatumikisha wanawake wa Kiyahudi kutengeneza silaha. Walionusurika walidai fidia; alikataa mpaka alipofariki mwaka 1972, akiwa na miaka 89. Marki milioni 5 zililipwa mwaka 1986, baada ya Deutsche Bank kuinunua himaya hiyo kutoka kwa familia yake.