Una simu na hadithi? Msome Wanuri Kahiu kwanza

Uko ndani ya matatu, mnatoka Embu mnaelekea Meru. Mmeshapita Runyenjes na Chuka. Kijana aliyekaa mbele yako ameweka sinema ya kivita kwenye simu, sauti imefunguliwa yote, na DJ Afro anatafsiri kila ngumi kwa Kiswahili cha mtaani. Mkifika Chogoria gari zima linacheka. Nawe unajiambia kimoyomoyo: hata mimi naweza kutengeneza kitu kama hiki, tena chenye watu wa kwetu.

Kama wazo hilo limewahi kukujia, keti nikueleze habari za Wanuri Kahiu. Si mtu wa Meru wala Embu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1980. Lakini barabara aliyopita ndiyo hiyo unayoiota, na ina mashimo ambayo ni vizuri uyajue mapema.

Kwanza, usidhani alianza na kamera mkononi. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, ilikuwa ya masuala ya usimamizi. Ni aina ya kozi ambayo mzazi yeyote wa Nkubu au Manyatta angeitangaza kanisani Jumapili. Baadaye akavuka hadi Marekani, akasomea uelekezi wa filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Kwa hivyo kama unasomea uhasibu au ualimu na moyo wako uko kwenye sinema, hujachelewa. Halafu hizo hesabu utazihitaji sana, maana filamu huru ni kutafuta pesa miaka na mikaka, kisha kuzigawa mpaka senti ya mwisho.

Filamu iliyomtambulisha inaitwa From a Whisper. Inahusu shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Badala ya kukimbizana na magaidi kama zinavyofanya sinema za Hollywood, Kahiu alifuata uchungu wa waliobaki: afisa mmoja wa usalama na msichana msanii anayemtafuta mamake. Mwaka 2009 filamu hiyo ilizoa tuzo tano za Africa Movie Academy, ikiwemo ya mwelekezi bora.

Kisha akaja na Pumzi, filamu ya dakika 20 hivi iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Humo dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na hata jasho lao linachujwa wapate kunywa. Mwanamke mmoja anapokea udongo wenye dalili za uhai, anapanda mbegu, kisha anatoroka kwenda kuitafutia mahali pa kuota.

Sasa jiulize wewe uliyelelewa karibu na Rupingazi au Kathita, unayejua ugomvi wa mashamba ya juu na ya chini kiangazi kikibana mito: hadithi kama hiyo ilihitaji kutoka Los Angeles kweli? Ilikuwa mlangoni pako.

Tena Meru ni ya zamani kwenye sinema. Simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, amezikwa katika Mbuga ya Wanyama ya Meru. Filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, ilimfanya kuwa maarufu duniani na ikashinda tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Ila mwelekezi alikuwa Mwingereza, mastaa walikuwa Waingereza, na mwenyeji alikaa pembeni ya picha. Ukiwatajia wageni wengi jina la Meru, wanamkumbuka simba kabla ya mtu.

Hapo ndipo Kahiu anapokuwa na la kukufunza. Amekuwa akipigia debe kitu anachokiita Afrobubblegum, yaani sanaa ya Kiafrika yenye furaha, ukali na mzaha, isiyolazimika kila mara kuhubiri vita, njaa au Ukimwi. Katika hotuba yake ya TED mwaka 2017 alitoa kipimo rahisi. Tazama kazi yako kisha uulize: Je, kuna Waafrika wawili au zaidi walio na afya? Je, wanajimudu kifedha, hawangoji kuokolewa? Je, wanafurahia maisha? Pima hadithi yako ya Maua au Siakago kwa maswali hayo. Mkulima wa miraa au muguka si lazima awe mlevi au mhasiriwa. Anaweza kuwa amependa mtu, au anapanga harusi, au anamficha mkewe kwamba amenunua pikipiki.

Lakini furaha nayo inaweza kukuletea kesi. Mwaka 2018 filamu yake Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda Monica Arac de Nyeko, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Inahusu wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, wanaopendana. Kabla hata haijaonyeshwa huko Ufaransa, Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) iliipiga marufuku hapa nyumbani, ikisema inaendeleza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Akakataa, akaenda kortini.

Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku saba, muda uliohitajika ili filamu iweze kufikiriwa kwa Oscar. Watu walipiga foleni na kumbi zikajaa. Hata hivyo, filamu iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu kijiji kinachomtengenezea sinema msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Siku saba zilipoisha marufuku ikarudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya Kahiu.

Unaweza kukubaliana na filamu hiyo au kuipinga. Hilo ni lako. La muhimu ni ujue kwamba sheria iliyotumika inakugusa hata wewe wa simu. Ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa kabla ya uhuru. Inataka uwe na leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyesha umma au kuuza, na filamu iainishwe kabla ya kuonyeshwa. Ukifikiri utapiga picha sokoni Gakoromone kisha ukodishe ukumbi kimyakimya, ulizia leseni kwanza.

Kahiu hakufungwa mdomo na marufuku hiyo. Mwaka 2022 Netflix ilitoa Look Both Ways, aliyoielekeza Marekani, ikiigizwa na Lili Reinhart. Mkenya aliyekatazwa kuonyesha kazi yake Nairobi alipewa kazi na moja ya kampuni kubwa zaidi za filamu duniani. Raha kwake, lakini swali linabaki kwetu: sinema ya Nairobi, Meru au Embu itatengenezwa na nani, kama kila anayeiweza atalazimika kuvuka bahari ndio apumue?

Labda ni wewe. Wikendi hii andika kurasa tano tu: watu wawili, mahali pamoja unapopajua kama kiganja chako, na jambo moja wanalolitaka sana. Wasomee marafiki kwa sauti. Wakicheka pale ulipotaka wacheke, na wakanyamaza pale ulipotaka wanyamaze, una filamu. Leseni na pesa utaanza kuzitafuta Jumatatu.