Wakanda ya tatu: kwa nini tuko tunamngojea M'Baku

Ryan Coogler alishasema: filamu yake inayofuata ni Black Panther ya tatu. Mbele ya pale, mwaka 2024, Denzel Washington naye alikuwa ametoboa siri kwamba Coogler anamwandikia nafasi ndani. Tangu hapo kila shabiki iko na orodha yake. Mmoja anataka T'Challa arudishwe na mwigizaji mwingine, mwingine anataka vita na Namor iendelee, wa tatu anataka tu kuona mavazi mapya ya Ruth Carter, yule aliyepata Oscar mbili juu ya hizi filamu mbili za kwanza.

Mimi nataka tutofautishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya sana: kutamani tukio na kutamani muhusika akue. Tukio ni "Shuri apigane na fulani". Muhusika kukua ni kitu kingine, na njo kile kinafanya sehemu ya pili au ya tatu ya hadithi iwe na maana, isiwe tu ya kwanza iliyoongezewa milipuko.

Muhusika anakua namna gani? Kwa kifupi, anaanza na kitu anachokitaka. Ndani yake kuna kitu anachokosa, na yeye mwenyewe hakioni. Alafu hadithi inamleta mahali ambapo lazima achague, na kuchagua kunamgharimu. Asipolipa kitu, hajakua, amebadilisha nguo tu.

Tuangalie T'Challa mwenyewe. Katika Captain America: Civil War ya 2016, baba yake anauawa na yeye anataka kisasi. Mwishoni anamkuta Zemo, muuaji wa kweli, na anakataa kumuua. Katika Black Panther ya 2018 hataki tena kisasi, anataka kuwa mfalme mzuri kama baba. Ndipo anagundua kwamba yule baba alimuua ndugu yake kule Oakland, akamwacha mtoto wa marehemu palepale. Mtoto ule njo Killmonger. T'Challa analazimika kuwaambia mababu zake usoni kwamba walikosea, alafu anafungua nchi iliyojificha miaka na miaka. Gharama yake ni kubwa: anapoteza ile picha safi ya baba yake.

Ona vile sehemu ya pili haikurudia swali la kwanza. Civil War iliuliza: utafanya nini na hasira yako? Black Panther iliuliza: utafanya nini na makosa ya wazazi wako? Kila hatua iko na swali lake.

Sasa tuje kwa Shuri. Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 mwezi wa nane 2020, na Wakanda Forever ya 2022 ilibidi ijengwe juu ya kaburi lake. Shuri anampoteza kaka, alafu mama yake, malkia Ramonda, anakufa katika shambulizi la Namor. Anataka kisasi. Anapokunywa ule mmea wenye umbo la moyo, anayemtokea upande wa mababu si mama yake, ni Killmonger. Mwishoni anamshika Namor chini ya mkuki, na anamwacha hai.

Ile scene inagusa, sikatai. Lakini tuseme ukweli: ni swali la Civil War limerudi. Dada amepita njia ileile kaka alipita mwaka 2016. Ni njo maana mashabiki wengi waliompenda Letitia Wright bado wanasema Shuri "hajafika". Wako na haki. Kuomboleza alikwisha kuomboleza, kusamehe alikwisha kusamehe. Sehemu ya tatu ikimpa tena msiba na tena kisasi, itakuwa inamzungusha tu kama ng'ombe wa kukamua miwa.

Swali jipya liko wapi? Kwangu mimi liko mahali pawili, na pote pawili Coogler alishapanda mbegu.

Mahali pa kwanza ni ule mmea. Nilisomea kilimo, basi mnisamehe, hapa siwezi kunyamaza. Mwaka 2018 Killmonger anaamuru bustani yote ichomwe. Bustani moja! Nakia anaokoa mmea mmoja tu, na ule unatumika kumwamsha T'Challa. Miaka inayofuata mfalme anaugua, hakuna mmea wa kumpa, na Shuri anahangaika kuutengeneza kwenye laboratwari mpaka kaka anakufa. Anafaulu nyuma ya pale tu, juu ya nyuzi za bangili aliyopewa na Namor, zenye asili ya mmea wa Talokan.

Nchi yenye akili kuliko zote duniani iliweka uhai wa ufalme katika shamba moja, bila benki ya mbegu, bila miche kwa wakulima. Sisi wa Kivu tunajua bei ya kosa la aina hii. Migomba yetu inazaliwa kwa machipukizi: mtoto ni nakala ya mama. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipita shamba kwa shamba, juu panga lililokata mgomba mgonjwa lilienda moja kwa moja kukata mzima. Kitu kinachofanana chote kinakufa pamoja.

Basi swali la Shuri linaweza kuwa hili: yeye peke yake ndiye anajua kuutengeneza ule mmea. Ataufungia tena, au ataugawa? Akiufungia, yuko salama lakini anarudia kosa la waliomtangulia. Akiugawa kwa makabila yote, nguvu ya Black Panther haitakuwa tena mali ya nyumba moja. Hapo iko gharama ya kweli. Hapo Shuri anaweza kukua kama mwanasayansi na kama kiongozi, bila mtu yeyote kufa.

Mahali pa pili ni M'Baku. Tukumbuke safari yake. Mwaka 2018 anashuka mlimani kutaka kiti, anashindwa, anakubali kushindwa. Anakataa kumsaidia T'Challa kwa jeshi, alafu dakika ya mwisho anakuja. Mwaka 2022 huyu mtu wa makelele amekuwa mshauri: njo yeye anamwonya Shuri kwamba Namor ni mungu kwa watu wake, kumuua ni kuanzisha vita isiyo na mwisho. Na filamu inaisha na yeye akisimama mbele ya maporomoko kudai kiti, wakati Shuri ameenda Haiti, ambako Nakia anamwonyesha Toussaint, mtoto wa T'Challa.

Wengi wanamwona M'Baku kama kiti cha muda, eti anamngojea mtoto akomae. Mimi naona zaidi ya pale. Wajabari njo kabila pekee la Wakanda lililokataa kuishi kwa vibranium. Silaha zao ni mti, nyumba zao ni mlima na msitu. Mfalme anayetoka kwao anaingia kwenye ikulu iliyojengwa yote juu ya madini. Atafanya nini? Akitumia vibranium, anawasaliti wazee wake. Akikataa, anaidhoofisha nchi wakati mataifa yanaizunguka. Mlikwisha kuona mwanzo wa Wakanda Forever: askari Wafaransa wanavamia kituo cha Wakanda kule Mali wakitafuta vibranium, alafu malkia anawaaibisha mbele ya Umoja wa Mataifa.

Hili si swali la sinema tu kwetu. Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Na kila mtu hapa anajua vijana walioacha jembe wakaenda kuchimba, mpaka muhogo na mchele vinanunuliwa kutoka mbali mahali ambapo ardhi ni nyeusi na mvua inanyesha. Wakanda inatufurahisha juu ni nchi iliyolinda madini yake. Lakini hakuna filamu hata moja iliyotuonyesha nani anawalisha watu wake, na madini yakiisha watakula nini. M'Baku njo muhusika pekee anayeweza kuuliza vile bila hadithi kulazimishwa.

Kuhusu T'Challa kurudi, najua hapa tutagombana. Toussaint ana jina hilo la T'Challa tayari, mlango uko wazi. Tena Black Panther ni mali ya hadithi tangu 1966, Stan Lee na Jack Kirby walipomwandika, na wahusika wanapita mkono kwa mkono. Ninachoomba ni kwamba mtoto asije kupewa kiti juu ya damu tu. Baba yake alipigania kile kiti mara mbili kwenye maporomoko, na mara moja alishindwa. Mtoto naye apewe swali lake na gharama yake.

Basi tukikaa tunapanga orodha za matamanio, tujiulize hivi kwa kila muhusika: anataka nini, anakosa nini, atalipa nini? Orodha nyingi zitafupika. Yangu imebaki na mambo mawili: mmea wa moyo upandwe mashamba mengi, na mfalme wa mti akae kwenye kiti cha chuma tuone ni nani atambadilisha mwenzake. Na wewe, swali gani ungempa Okoye, aliyevuliwa ujenerali wake mbele ya watu wote?